Dizeli ya Safari za Mama Ushindi

Pikapu ya Constantin haina geji ya mafuta. Tangi lake la asili lililiwa na kutu zamani, na mimi ndiye niliyemchomelea jingine. Tulilifunga nyuma ya kabini, mdomo wake ukitazama mbinguni. Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, Constantin huingiza fimbo nyembamba ya mkaratusi ndani ya tangi, akaitoa, akatazama unyevu umefika wapi, kisha akaifuta kwa kitambaa na kuirudisha chini ya kiti. Hapa Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, watu wote wanaijua fimbo hiyo. Watoto wakicheza gari, lazima mmoja wao ashike kijiti.

Trela pia niliitengeneza mimi, kutokana na mabaki ya gari lililopinduka. Ni nzito. Siku niliyomkabidhi aliizunguka, akaisukuma kwa bega, akasema, "Gad, hii itakunywa." Alisema kweli. Pikapu ikienda Mbarara peke yake hunywa kidogo tu. Ukiifunga trela, hata kama ni tupu, inakunywa kama mtu aliyekula samaki wa chumvi.

Kwa hiyo alijifunza kuituliza. Magunia mazito aliyapanga mbele kidogo ya ekseli ya magurudumu, yasiivute trela kwa mkia. Turubai alilikaza mpaka ukiligonga linalia kama ngoma, maana turubai linalopepea hushika upepo, na upepo nao ni mzigo. Akiona mlima mbali, alianza kukusanya mwendo mapema. Akiona mbuzi wanavuka, aliinua mguu kabla haijahitajika breki. "Ukikanyaga breki umemwaga dizeli," alisema. Kwa Constantin, hiyo ilikuwa hotuba.

Ni mtu wa kimya. Alitoka milima ya Fizi, kule Kivu ya Kusini, na mke wake alifia njiani walipokuwa wanakimbia. Hawakuwa wamepata mtoto. Jambo hilo aliniambia mara moja tu, akiwa amelala chini ya gari anafunga nati, na sikuuona uso wake.

Wanawake wa soko walipenda kumchokoza. "Papa Constantin, siku ukioa utamupimia bibi chumvi na ile fimbo?" Yeye alitabasamu akitazama viatu vyake.

Mteja wake wa miaka mingi alikuwa Mariette, ambaye sote tunamwita Mama Ushindi kwa jina la binti yake wa kwanza. Ni mjane. Alikuwa ananunua nyanya kwa wakulima wa kando ya ziwa, anazipanga katika masanduku ya mbao, anazipeleka Mbarara. Siku zake zilijulikana hata kabla hajafika, kwa sababu Constantin alifuta kiti cha abiria kwa kitambaa chenye maji, na nyuma alifunga jerikeni ya dizeli ya akiba. Kwa safari nyingine jerikeni hiyo haikutoka nyumbani.

Mimi nilipanda nao mara nyingi, nikienda kununua vyuma. Nilikaa nyuma, mgongo kwenye tangi. Kioo cha nyuma cha kabini hakipo, kwa hiyo nilisikia kila kitu bila kutaka. Mama Ushindi alizungumza: habari za kwaya, za mvua, za jirani aliyeitwa kwenye mahojiano ya kwenda Ulaya akasahau mwaka wake wa kuzaliwa. Constantin alijibu, "Ndiyo, Mama Ushindi." Baada ya kilima kingine, "Ni kweli, Mama Ushindi."

Na ule mwendo! Baiskeli zenye mikungu ya matoke zilitupita. Siku moja mzee mwenye mkongojo alitupungia mkono, akatangulia.

"Ndugu Constantin," Mama Ushindi alisema, "tulitoka na nyanya mbichi, tutafika na nyanya zimeiva mu njia."

"Ni trela, Mama Ushindi."

"Trela, trela! Weye na mafuta yako. Mutu anabana dizeli, anabana na maneno!"

Nilicheka kule nyuma. Sote tuliamini hivyo, kwamba anabana.

Lakini jambo moja lilinisumbua. Tukibeba mahindi, ambayo ni mazito kuliko nyanya, tulirudi nyumbani na fimbo ikaonyesha mafuta yamebaki. Tukibeba nyanya za Mama Ushindi, jerikeni ilifunguliwa kabla hatujafika Kashojwa. Niliogopa kwamba tangi langu linavuja. Niliingia chini ya gari na povu la sabuni, nikapaka kila mshono. Hapakuwa na tundu. Safari iliyofuata sikulitazama tangi tena, nilisikiliza gia. Barabara ilikuwa tambarare, ya gia ya nne, na Constantin alikuwa anakwenda kwa gia ya pili. Gari likienda hivyo, injini inazunguka sana na njia haisogei, na dizeli inaungua bure. Hakuna mtu wa Nakivale anayelijua hilo kama Constantin.

Jioni nilimwambia, "Ndugu yangu, siku za nyanya unaunguza mafuta."

Aliifuta fimbo muda mrefu. "Nyanya zinapondeka."

"Nyanya ziko kwenye trela. Kabini kuna nini?"

"Gad," akasema, "acha."

Sikuuliza tena.

Kisha akatokea Sajini Byaruhanga. Alikuwa mwanajeshi wa kambi ya jeshi ya Makenke, pale Mbarara, mfiwa wa mke, na kazi yake ilikuwa kununua mboga za jikoni kwao. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, hakijui hii wala huyu, lakini hakikukaa kimya. Tukisimama tu sokoni, tulimsikia.

"Mama Nyanya! Leo naletea mimi nini? Mimi nakula nyanya yako mpaka daktari nachukua damu yangu nasema, banange, hii ni supu!"

Mama Ushindi alicheka mpaka akashika mbavu. Constantin alikuwa anashusha masanduku. Aliyashusha yote, akayapanga vizuri, kisha akayapanga tena.

Kabla ya mavuno kwisha, Byaruhanga alikuja Kashojwa na kaka yake, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali. Walikwenda kwa Térence, kaka mkubwa wa Mama Ushindi. Térence ni mtu wa taratibu za kwao. Alikubali, akataka ng'ombe mmoja, kisha akasema mbele ya watu wote: "Kwetu, ng'ombe wa mahari anafika akiwa wima. Akipiga magoti njiani, anarudi alikotoka. Na mpaka akanyage kiwanja changu, mlango hauna kufuli. Mwanaume mwenye neno juu ya dada yangu aje aliseme. Ng'ombe akishakanyaga, neno hilo alimeze."

Sote tulisikia. Constantin alikuwa amesimama karibu na ua, kofia mkononi.

Byaruhanga alimfuata palepale. "Dereva! Hapa ndani watu wote nasema wewe nabeba mzigo kama yai. Ng'ombe yangu iko Biharwe. Nataka wewe navuta yeye. Mwingine atanitupia ng'ombe chini, halafu mimi nabaki kapera!"

Watu walicheka. Constantin aliitazama kofia yake. "Nitamleta," akasema.

Tulipobaki wawili nilimwuliza, "Umesikia neno la Térence?"

"Nimesikia."

"Ng'ombe bado yuko Biharwe."

"Najua."

"Na siku ya kumleta, Mama Ushindi ana nyanya zake Mbarara. Mtarudi pamoja kabini."

Asubuhi ya safari nilimkuta ameosha kabini ndani na nje. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la kanisani, akiwa anakwenda kubeba ng'ombe. Jerikeni ilikuwa imefungwa mahali pake, imejaa.

Tulimwacha Mama Ushindi sokoni na masanduku yake, tukaenda Biharwe na trela tupu, niliyoiinulia kingo kwa vyuma. Ng'ombe alikuwa mwekundu wa Ankole, mwenye pembe pana kama mtu anayetaka kukumbatia. Byaruhanga alitusubiri, akamsindikiza mpaka kwenye trela akimbembeleza kwa Kinyankole, akafunga kamba mwenyewe. Constantin alitandika nyasi nyingi, akazilowesha ili kwato zisiteleze. Alimsogeza ng'ombe mbele kidogo ya ekseli, kama anavyofanya kwa magunia.

"Mimi nakuja nyuma na watu yangu," alisema Byaruhanga. Kisha akamshika Constantin bega, hakuwa anatania tena. "Ndugu yangu. Pole pole, eh?"

"Pole pole," akasema Constantin.

Tuliporudi sokoni kumchukua Mama Ushindi, wanawake walipiga makelele. "Bibi arusi anapanda gari moja na mahari yake! Sasa nani atafika mbele?"

"Miye niko mbele, mwenye mapembe iko nyuma," alijibu akipanda. "Gad, muchunge asinipite!"

Nilikaa mahali pangu, uso kwa ng'ombe. Magunia hulala, lakini ng'ombe husukuma: gari likivuta anarudi nyuma, gari likizuia anakuja mbele, na kila hatua yake injini inaisikia. Mpaka lami ya Isingiro ilipokwisha tukaingia kwenye vumbi, Constantin hakubadilisha gia kwa kishindo hata mara moja. Aliyaona mashimo kabla hayajatufikia. Nakiri niliwaza: pigo moja la breki hapa kwenye kona, ng'ombe atapiga magoti, na mambo yote yatarudi mwanzo. Kona ilikuja. Trela ilipita kama inavutwa kwa uzi. Ng'ombe aliendelea kutafuna.

Siku hiyo kabini hata Mama Ushindi hakuzungumza. Kwenye lami gia ilikuwa ya tatu, kwenye vumbi ya pili, na hakumtania kuhusu mwendo.

Tulipoanza kupanda kilima cha mwisho, kile ambacho ukifika juu unaliona ziwa, akasema, "Ndugu Constantin."

"Ndiyo, Mama Ushindi."

"Miaka mingi unanibeba. Jua na mvua. Sasa ninahama, nitakuwa fasi ingine. Hauna hata neno moja ya kuniambia?"

Constantin alifika kileleni, akatoa gari pembeni, akazima injini. Siku zake zote za nyanya alisimama pale, akisema injini ipumue. Ziwa lilikuwa chini yetu, jeupe kwa jua, na mabati ya Kashojwa yalionekana. Kiwanja cha Térence kilikuwa na turubai la bluu la sherehe. Niligeuka, nikaona kisogo cha Constantin na mikono yake miwili juu ya usukani. Nilijaribu kupumua bila sauti. Ng'ombe yeye alipumua anavyotaka.

"Mama Ushindi," akasema.

"Mm?"

Alifungua mdomo. Najua, kwa sababu taya lake lilisogea. Mtu mwenye baiskeli alipanda kilima akihema, akatusalimu, nami nikamwitikia kwa mkono tu ili nisivuruge. Baiskeli ikateremka upande wa pili, ikapotea, na bado kabini hakukuwa na neno.

"Huyu ng'ombe," Constantin akasema mwishowe, "amesimama vizuri."

Mama Ushindi aligeuza uso dirishani. "Amesimama vizuri," akarudia polepole. Baadaye kidogo akasema, "Twende basi. Banatungojea."

Aliwasha injini. Alitia gia ya kwanza, ya pili. Kilima kilipokwisha na njia ikanyooka, nikasikia klachi inashuka tena: ya tatu. Kisha ya nne. Sikuwahi kusikia gia ya nne Mama Ushindi akiwa ndani ya gari lile. Alikwenda mwendo wa haki, mwendo anaokwenda na mahindi ya watu, turubai limekazwa, mguu mwepesi, hakuna tone linalopotea. Macho yalinichoma nikajifanya ni vumbi.

Kiwanjani vigelegele vilianza kabla hatujasimama. Byaruhanga na watu wake walikuwa wametupita zamani kwa gari lao, wamekwisha keti. Nilishusha mlango wa trela, Constantin akashika kamba, akamwongoza ng'ombe chini taratibu, kwato kwa kwato. Ukwato wa kwanza ulipogusa ardhi ya kiwanja, Térence aliweka kiganja chake juu ya mgongo wa ng'ombe na kusema, "Amefika." Constantin alikuwa bado ameshika kamba. Ilibidi Térence aichukue mkononi mwake.

"Dereva!" Byaruhanga alimkumbatia mpaka akamwinua. "Ng'ombe yangu nafika kama bibi ya jenerali! Na mafuta? Ulibana?"

"Fimbo!" wanawake wakaimba. "Papa Constantin, pima! Pima!"

Yeye hakusogea, kwa hiyo nilipanda mimi, maana watu walikuwa wanapiga makofi na sikujua la kufanya. Niliizamisha fimbo, nikaitoa, nikaiinua. Ilikuwa imelowa zaidi ya nusu. Watu walishangilia. Amevuta ng'ombe mzima toka Biharwe na mafuta yamebaki! Byaruhanga alisema jeshi lingemwajiri kesho.

Mama Ushindi alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya kaka yake. Hakupiga makofi. Aliitazama fimbo, kisha akaitazama jerikeni, ambayo ilikuwa bado imefungwa kwa kamba yake. Ni mfanyabiashara. Anajua kitu kizito na kitu chepesi.

Baadaye, watu walipokuwa wanakula, Constantin alikuwa anaosha trela peke yake nyuma ya nyumba, nami nilikuwa nampelekea maji. Mama Ushindi alikuja na sahani ya wali na maharage, akaiweka juu ya bodi ya pikapu.

"Ng'ombe anapita nyanya kwa uzito," akasema.

"Ndiyo, Mama Ushindi."

"Na mafuta imebaki mingi."

"Imebaki."

"Sasa zile siku zangu. Nyanya ilikuwa nyepesi, na ulikuwa unafungua jerikeni mu njia. Kila mara ulifungua. Nilikuwa ninaona." Sauti yake ilikuwa chini. "Juu ya nini ilikuwa inakwisha?"

Constantin aliweka ndoo chini. Alitazama maji yakienda zake na samadi.

"Nilikuwa naenda pole," akasema. "Ili tusifike, Mariette."

Sijawahi kumsikia akilitaja jina hilo, kabla ya siku ile wala baada yake. Ndani watu waliimba wimbo wa kanisa, na ng'ombe mwekundu alikuwa ameanza kula majani ya ua wa Térence kama aliyezaliwa pale.

"Miye nilizani unaonea mafuta huruma," akasema Mama Ushindi. "Niliona huyu mutu hata safari yangu inamusumbua. Pale juu ya kilima nilikuuliza. Nilikuuliza, Constantin! Juu ya nini haukusemaka?"

Constantin alisimama na shati lake jeupe limerukiwa na samadi, mikono inatiririka maji. Mama Ushindi alichukua kopo kutoka kwangu, akachota maji safi, akammwagia mikononi ili ale, kama wenyeji wanavyomfanyia kila mgeni. Alimwagia mpaka mikono ikatakata, na akaendelea kumwaga. Kopo lilipokwisha alilishikilia vilevile limeinama juu ya mikono yake. Kisha Térence akaita kutoka ndani, naye akajifuta uso kwa kanga na kwenda.

Wali ule Constantin aliula wote. Sijui alimezaje.

Mama Ushindi sasa anakaa karibu na Makenke, na nasikia anaheshimiwa na watu wa kule. Byaruhanga ni mume mwema. Sina baya la kusema juu yake, na Constantin pia hana. Bado anavuta trela. Anabeba mahindi na maharage ya watu, na kwenye kilima kile hasimami tena. Fimbo kila jioni inaonyesha mafuta yamebaki. Wanawake hawamtanii sana siku hizi, na hakuna aliyewaambia waache.

Mwezi uliopita jenereta yangu ilizima nikiwa katikati ya kuchomelea lango la kanisa. Nilikwenda kwake kuomba dizeli kidogo. Jerikeni ile ilikuwa nyuma ya mlango, imejaa mpaka shingoni, juu yake vumbi. Constantin aliipita, akatoka nje, akaingiza mpira ndani ya tangi la pikapu, akavuta kwa mdomo mpaka dizeli ikamjaa kinywani, akatema, akanijazia kopo langu.

Nilimwambia asijitese hivyo, na jerikeni ipo.

"Hiyo acha," akasema, akijifuta midomo kwa mkono, na akarudi kufunga mlango.